Tanga Jeupe la Mbuke

Kilima cha mwisho kabla ya Igwamabuye kiliisha ghafla, na Mbuke akalegeza kamba ya tanga kabla upepo haujamsukuma kwa kasi ambayo breki zake zisingeiweza. Mteremko ulikuwa mrefu. Chini kulikuwa na mji asioujua: kulia vibanda vya maturubai ya bluu, ambako wachimbaji walikuwa wamejazana tangu machimbo yalipuke, dhahabu ilipoonekana wiki tatu nyuma, na kushoto kijiji chenyewe, nyumba za matofali ya kuchoma zilizozungushiwa minyaa. Alikuwa ametoka Kharumwa alfajiri. Jua sasa lilikuwa limeshavuka utosi.

Kitu cha kwanza kilichomtatiza ni kamba za kuanikia nguo. Zilijaa kila ua, lakini zote zilikuwa nguo za rangi nzito, bluu, kahawia, nyeusi. Hapakuwa na shati jeupe la mwanafunzi. Hapakuwa na shuka, wala nepi. Aliliona hilo, akajisemea labda huku maji ni ya tope, akaendelea kuteremka.

Cha pili ni ng'ombe. Kundi la kama arobaini lilikuwa linavuka barabara, na mchungaji wake, mwanamume wa miaka thelathini hivi, alikuwa ameegemea fimbo huku anatazama simu. Mbuke akaachia kamba yote ili tanga lipoteze upepo. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Tanga lililoachiwa halinyamazi. Lilipiga kelele kama mabati yanayong'oka, na ng'ombe wakainua vichwa, wakaona kitu cheupe chenye urefu wa nyumba kinawajia huku kinatikisika. Wakatimka. Wengine waliingia kwenye minyaa, wengine wakaelekea vibandani, na mmoja akaondoka na kamba ya nguo imenasa kwenye pembe.

Mchungaji aliinua uso kutoka kwenye simu. Hakuwatazama ng'ombe wake. Alilitazama tanga.

"Nani kakutuma?" alisema.

"Samahani, kaka. Nimeachia kamba nikidhani…"

"Nimekuuliza nani kakutuma na hicho kitu, wiki hii!"

Akatoa filimbi shingoni, akapuliza mara tatu. Kutoka upande wa kijiji filimbi nyingine ikajibu, kisha nyingine. Mbuke alikuwa Msukuma wa Segese, hakuhitaji kuelezwa. Hiyo ilikuwa filimbi ya sungusungu, walinzi wa kijiji, na mtu akishapuliziwa haondoki mpaka ahojiwe.

*

Mbuke binti Shija alikuwa na miaka arobaini na moja, na tangu akiwa na miaka mitatu hakuwahi kusimama. Homa ilimshika msimu wa kuvuna pamba, na ilipopoa miguu ilikuwa imelala. Utoto wake aliutambaa. Alipofika miaka kumi na sita, masista wa misheni walimpa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa kuzungusha pedeli kwa mikono, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwambia kaa akakaa. Alijifunza kushona. Akanunua cherehani ya mkono, akaifunga nyuma ya kiti, akaanza kufuata dhahabu.

Hakuwa mchimbaji. Alikuwa mshona mifuko. Mawe yenye dhahabu hutolewa shimoni kwa mifuko ya salfeti, ile myeupe iliyokuja na sukari au mbolea, na mfuko ukibeba mawe mara tano huchanika mshono. Palipo na machimbo mapya, mifuko mia inachanika kila siku, na mtu wa kwanza kufika na cherehani ndiye anayekula. Kwa miaka ishirini na mbili Mbuke alikuwa anafika wa kwanza, Katoro, Nyang'hwale, Msalala, kokote waliposema kumelipuka.

Mpaka bega la kulia lilipoanza kukataa. Kwanza lilimuuma asubuhi, halafu siku nzima, halafu likawa linatoka mahali pake akipanda kilima. Tabibu mmoja alilishika, akalizungusha taratibu, akamwambia ukweli bila kuupamba: ukiendelea kuzungusha hivi, mwaka kesho mkono huu hautainua hata kikombe. Mbuke alicheka pale mbele ya tabibu. Nje alilia. Mtu ambaye miguu yake ni mikono yake, ukimwambia apumzishe mkono umemwambia alale kitandani mpaka afe.

Tanga lilitokana na hilo. Katika nchi za mbali wapo watu waliowahi kufunga matambara juu ya mikokoteni yao ili upepo uwasaidie kusukuma. Mbuke hakuwahi kuwasikia. Yeye alikuwa njiani kurudi Segese mwezi Julai, upepo wa kiangazi ukimpiga mgongoni, na mfuko mmoja mtupu uliokuwa umefungwa nyuma ukajaa upepo ukavuta. Baiskeli ikasogea bila mkono. Ni hatua kumi tu, lakini alizihesabu.

Alishona mifuko sita ya sukari pamoja. Fundi wa kuchomelea pale Katoro alimwekea tundu la chuma nyuma ya kiti, akachomeka humo bomba la antena ya televisheni. Kamba ya manila ilishuka hadi kwenye paja lake la kushoto, ambako aliizungusha kwenye kigingi ili aiachie kwa kidole kimoja. Ilimchukua miezi miwili ya kuanguka. Alijifunza kwamba lori likija mbele lazima ushushe tanga kabla halijafika. Kwamba upepo wa pembeni unainua gurudumu moja. Kwamba upepo ukikaa nyuma vizuri, mkono wa kushoto peke yake unatosha na bega la kulia linalala. Kutoka Kharumwa mpaka hapa, vilima vyote vitatu, bega halikutoka hata mara moja. Bila tanga asingekimaliza hata cha kwanza.

*

Sungusungu walikaa kwenye viti vya miguu mitatu mbele ya ghala la kijiji, wanaume kumi na wanne, wengine na pinde. Baiskeli ya Mbuke iliwekwa katikati, yeye akiwa juu yake. Mlingoti ulikuwa bado umesimama na tanga limeviringishwa. Nyuma ya wazee walijaa watu: wanawake wa kijiji kimya, na wachimbaji waliokuja kutazama, ambao hawakunyamaza.

"Mwadila, bhabha," Mbuke alimsalimia mzee wa katikati kwa Kisukuma, akiinamisha kichwa.

"Mwadila." Huyo alikuwa Magesa, mtemi wa sungusungu, mwanamume wa miaka sitini aliyefanya kazi ya ufundi kwenye kinu cha pamba nusu ya maisha yake. Alivaa shuka jeusi begani. "Wewe ni wa wapi, mayu?"

"Segese. Ng'wana Shija."

"Basi wewe si mgeni wa nchi hii. Ndiyo maana nashangaa." Akaonyesha mashamba yaliyo nyuma ya ghala. Yalikuwa makavu, vumbi likitembea juu yake. "Tumepanda mara mbili. Mbegu ya kwanza imeungua chini. Ya pili nayo ndiyo hiyo. Juzi tumepeleka kondoo mweusi kilimani kuomba mvua. Kuanzia siku ile mpaka mvua inyeshe, hakuna cheupe nje, maana weupe hufukuza mawingu. Hata mwalimu mkuu ameomba watoto wavae sweta juu ya mashati. Sasa wewe unakuja na tanga jeupe refu kuliko nyumba yangu, unafukuza upepo barabara nzima, na mawingu yaliyokuwa yamekusanyika asubuhi yametoweka."

Mbuke aliinua macho. Mbingu ilikuwa tupu kweli. Nyanya yake alikuwa anamvua kanga nyeupe siku kama hizi. Alilijua jambo hili. Miaka ishirini na mbili ya machimbo, ambako watu wa Kigoma na Songea na Mbeya wanalala kibanda kimoja na hakuna anayelima wala kusubiri mvua, ilikuwa imelifuta kichwani mwake mpaka alipopita mbele ya kamba za nguo asione kinachomtazama.

"Nilisahau, bhabha," alisema. "Sina neno jingine."

"Anasema kasahau!" Ni yule mchungaji, jina lake Donatus. "Ng'ombe wangu wawili hawajaonekana mpaka sasa. Mtu anayefuga upepo anasahau?"

"Upepo unafugwa wapi, kwenye banda la kuku?" mwanamke mmoja alisema kutoka upande wa wachimbaji. Huyo alikuwa Kudra, mama lishe kutoka Tabora, mikono imejaa unga. Vijana wa machimbo wakacheka.

"Mama Kudra, nyamaza, hapa si jikoni kwako," Donatus alisema.

"Mchana ulipokula wali kwa deni ulijua ni jikoni kwangu."

Magesa aliinua mkono na kicheko kikakatika. "Binti Shija. Upepo unauamrisha?"

Swali liliulizwa kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha Mbuke. Alijua hadithi za wanawake walioanza kuulizwa maswali ya namna hii mchana na hawakumaliza kujibu. Akachagua maneno kama mtu anayechagua pa kuweka mkono kwenye miiba.

"Ningeuamrisha, bhabha, ningeuambia usinijaze vumbi machoni kutoka Kharumwa hadi hapa. Upepo ulikuwepo kabla yangu. Mimi naudandia tu, kama mtu anayedandia lori."

"Maneno," alisema Donatus. "Lichomwe. Na hiyo baiskeli ikae ghalani mpaka mvua inyeshe. Kama hana kitu, mvua itanyesha, atapewa."

Wazee wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Mbuke alishika mikono ya pedeli.

"Mpaka mvua inyeshe ni lini?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nauliza kwa sababu hii si baiskeli. Mnaposema ikae ghalani, mnasema miguu yangu ikae ghalani. Nitatambaa kwenda chooni hapa mbele yenu. Na mkiniachia baiskeli mkachoma tanga, tazameni." Akashusha gauni kidogo kwenye bega la kulia. Lilikuwa limevimba, na mfupa ulionekana umekaa mahali pasipo pake. "Bega hili limebaki robo. Kilima kile nilichoshuka, bila upepo sikipandi. Nitabaki chini yake. Nitakuwa mzigo wenu, si wa ndugu zangu."

Magesa alilitazama bega kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama mashine zilizoharibika. Lakini nyuma yake mtu alinong'ona, na mwingine, na mnong'ono ulikuwa unaongezeka. Watu hao walikuwa wamepanda mara mbili. Mbuke aliona wazi kwamba mzee huyu, hata akitaka, hawezi kumwachia aende hivi hivi.

Ndipo akauliza swali ambalo baadaye Kudra alisema lilimtoa jasho yeye msikilizaji.

"Bhabha, kosa langu ni tanga, au ni weupe?"

Magesa aligeukia wazee. Wakasogeza viti, wakasemezana kwa Kisukuma cha ndani, mmoja akipinga, mwingine akionyesha kilimani. Mbuke alisikia vipande tu. Donatus alisimama na uta wake, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Upepo ulipita, mlingoti ukalia kidogo, na kila mtu akautazama.

"Ni weupe," Magesa alisema mwishowe. "Hakuna aliyewahi kukatazwa kitu cheusi."

"Basi nipeni cheusi. Nitashona hapa hapa mbele yenu. Hili jeupe nawaachia."

"Na lini utamaliza? Kesho?" Donatus aliuliza. "Huyu halali hapa."

"Jua likizama sijamaliza, chukueni vyote."

Alipokwisha kusema alitamani ayameze maneno hayo. Jua lilikuwa limebakiza kama saa mbili.

*

Kitu cheusi kilitoka machimboni. Kila duara refu, yaani shimo la kuchimbia, lina nailoni nyeusi inayosimamishwa juu ili ikinge upepo na kuusukuma chini kwa wachimbaji wapate hewa, na Theonest, Mhaya aliyekuwa msimamizi wa duara mojawapo, alikuwa na kipande cha akiba. Alikikata kwa wembe kwenye mchanga.

"Nakupa, dada, lakini usiniloge," alisema.

"Nikikuloga utajuaje? Wewe unashinda gizani siku nzima."

Nailoni haishonwi kama kitambaa. Sindano huitoboa matundu mfululizo, na upepo wa kwanza huichana kama stempu. Mbuke alijua. Aliviringisha kila ukingo mara tatu, akaweka ndani yake ukanda wa turubai la kahawia aliopewa na Kudra, ndipo akapitisha sindano, mishono mirefu. Cherehani waliiweka juu ya boksi. Mkono wa kulia ulizungusha gurudumu lake, wa kushoto uliongoza nailoni. Baada ya ukingo mmoja bega lilitoka.

Aliuma meno, akafumba macho. Kisha akahamisha: wa kushoto uzungushe, wa kulia uongoze. Mishono ikawa inapinda.

"Sogea," Kudra alisema, akapangusa unga kwenye gauni lake, akashika nailoni. "Mimi naongoza. Wewe zungusha. Niambie tu nisipokwenda sawa."

"Huendi sawa."

"Hata hatujaanza!"

"Ndiyo, na umeshashika kinyume."

Wanawake wa kijiji walikuwa wamesogea. Hawakusaidia, lakini walisogea.

Kingo tatu zilikuwa zimeisha Donatus alipoinama karibu, akakaza macho, akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Uzi! Mtemi, tazama uzi! Unashona kwa uzi mweupe!"

Ni kweli. Uzi wa mifuko ya salfeti ni mweupe, na Mbuke hakuwa na mwingine. Juu ya nailoni nyeusi mishono yake ilionekana kutoka mbali, mstari baada ya mstari. Mnong'ono ukarudi, na safari hii ulikuwa na hasira. Mzee mmoja akasimama kutoka kwenye kiti chake. Mbuke alitazama jua. Lilikuwa juu ya mti wa mwisho wa kilima.

"Mama Kudra," alisema, "sufuria yako ina masizi?"

"Ina masizi ya mwaka juzi."

"Lete. Na mafuta."

Kudra alikimbia, na alirudi na sufuria yenyewe, nyeusi tii, chini juu. Wakakwangua masizi kwenye sahani, wakamwagia mafuta ya kupikia, na Mbuke akawa anavuta uzi kupitia kwenye tope hilo kati ya vidole viwili, pima kwa pima, akiuzungushia kwenye kijiti. Mwanamke mmoja wa kijiji, bila kuombwa, alichukua kitambaa, akachovya, akaanza kupaka mishono iliyokwisha kushonwa. Wa pili akaja. Mikono yao ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Magesa alitazama yote hayo bila kubadili uso, kisha akamwambia yule mzee aliyesimama, "Kaa."

Ukingo wa nne ulishonwa kwa uzi unaoteleza. Ulikatika mara mbili. Mara ya pili Mbuke hakuweza kuupenyeza kwenye tundu la sindano, vidole vilikuwa vinateleza kwa mafuta. Aliramba, akatema masizi, akajaribu tena, akajaribu tena. Uzi ukapita.

Alipofunga fundo la mwisho jua lilikuwa limegusa kilima lakini lilikuwa bado zima.

Magesa alikuja mwenyewe. Aligeuza nailoni pande zote mbili, akaivuta ukingoni kwa nguvu kama mtu anayejaribu mkanda wa mashine. Ulishika. Akachukua lile tanga jeupe, akalikunja mara nyingi, akaliweka juu ya kiti chake na kulikalia.

"Hili linabaki hapa. Mvua ikinyesha, njoo ulichukue."

"Sirudi, bhabha."

Mzee alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyelitarajia. "Na mvua isiponyesha, jina lako tunalijua. Nenda. Mifuko ya hapa itashonwa na mwingine."

Kwa hiyo kazi nayo imekwenda, machimbo mapya, mifuko mia kila siku. Mbuke akaifunga cherehani nyuma ya kiti.

Lakini jioni upepo wa nchi hii hugeuka, kisha huchoka. Walipofunga tanga jeusi mlingotini lilining'inia kama ngozi. Mbuke alitoka mbele ya ghala kwa mkono wa kushoto peke yake, polepole, gurudumu la mbele likiyumba, watu wote wakimtazama. Alifika chini ya kilima na kuanza kupanda. Hatua tano. Akasimama, breki imebanwa, kifua kinapanda na kushuka. Hakugeuka. Donatus alikuwa ametangulia na ng'ombe wake aliowapata. Aliwasukumia mbali na barabara, huku akiwatukana kwa majina, mpaka njia ikawa wazi.

"Mwacheni apande!" mtu alipaza sauti vibandani, ingawa hakuna aliyekuwa anamzuia.

Kisha upepo ukapita juu ya mashamba, si mkubwa, vumbi jembamba tu likiutangulia. Nailoni ikapiga mlio mmoja, ikajaa. Mbuke akazungushia kamba kwenye kigingi. Baiskeli ikasogea hatua, ikasogea tena, mkono wa kushoto ukazungusha, na mkono wa kulia ukalala mapajani. Alipanda hivyo, wala si kwa kasi, akisimama na kuendelea kila upepo ulipopungua na kurudi, mpaka akafika juu.

Huku chini watu walibaki wamesimama barabarani. Tanga jeusi juu ya kilima ilikuwa vigumu kuliona, na baada ya muda waliokuwa wanaliona wakaanza kubishana na waliosema limeshapita. Kudra alikusanya sahani zake na kwenda kusugua masizi mikononi kwa mchanga. Magesa alikuwa bado amekaa. Mbingu juu yake ilikuwa safi, haina hata wingu.